Shajara ya mradi: laini ya Chake na Wete, tunalipia megabiti 20 zinafika 8

Naandika hii kwa ajili ya wenzangu wa kitengo, na kwa yeyote mwenye laini ya etheneti ya kukodi ambaye kila akilalamika anaambiwa laini yake nzima. Sie tuna ofisi mbili za chama cha akiba na mikopo, moja Chake moja Wete, hapa Pemba. Kati yake tumekodi laini ya megabiti 20 na tunalipa kila mwezi bila kuchelewa, ila bekapu ya usiku tangu laini ifungwe haijawahi kumaliza kwa wakati. Faili lake ni kama gigabaiti 12. Hesabu yake si ngumu, 12 mara 8 ni gigabiti 96, gawa kwa megabiti 20 ni sekunde 4,800, yaani saa moja na dakika 20. Yetu inakwenda saa tatu na ushei, kwa hiyo tunachopata kweli ni kama megabiti 8. Na msimu wa karafuu ndo huo unakuja, wakulima wakishauza wanaleta pesa zao, watu wanajaa mpaka barazani, wakati huo hakuna mtu atakaetaka kusikia habari za laini.

Jumatatu

Mtoa huduma katuma ripoti ya kipimo walichofanya siku ya kukabidhi laini. Nimeisoma yote, na kwa kweli hawakusema uongo. Wamepima kwa Y.1564, ile kanuni ya kupimia ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ya mwaka 2011, ambayo ndo inayofaa kwa laini ya mteja. RFC 2544 ya 1999 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti) ilitungwa kupima vifaa maabara, na mwaka 2012 ikatolewa RFC 6815 kusema wazi kwamba usiitumie kwenye mtandao ulio hai, ingawa mafundi wengine bado wanakuja nayo mpaka leo na jedwali lao la fremu (vifurushi vya data vya etheneti) za baiti 64, 128, 256 hadi 1518.

Y.1564 inapanda kwa ngazi, robo ya kasi, nusu, robo tatu, kisha kasi kamili, na kila ngazi inatazamwa kasi iliyofika, fremu zilizopotea, ucheleweshaji na jita, yaani kuyumba kwa ucheleweshaji huo. Baada ya hapo wanasukuma kupita kasi ya mkataba, kwetu megabiti 25, kuona kama polisi wa swichi yao, yaani kile kidhibiti cha kasi, anakata ile ziada. Akikata ikabaki 20 basi kafaulu. Mwisho wanaiacha laini ibebe mzigo kamili kwa muda, dakika 15 au saa 2 au saa 24 kwa kutegemea ulivokubaliana nao. Yetu wamefanya dakika 15. Kila mstari umewekwa tiki ya kijani.

Kitu kimoja tu kimenifanya nirudi ukurasa wa kwanza. Kwenye jedwali la maelezo ya huduma kuna CIR, ile kasi uliyoahidiwa, wameandika 20. Kuna EIR, kasi ya ziada pakiwa na nafasi, wameandika sifuri. Na kuna CBS, ukubwa wa mkupuo unaoruhusiwa kupita kwa mpigo. Hapo pako patupu.

Jumanne

Leo maelezo kwa kijana wangu wa ufundi, na naweka hapa maana najua kuna wengine wataniuliza vilevile.

Polisi wa trafiki kwenye swichi hana foleni. Fremu ikifika anatazama ndoo yake ya tokeni, ambazo ni ruhusa za kupita, tokeni moja kwa baiti moja. Ndoo inajazwa mfululizo kwa kasi ya CIR, kwetu megabiti 20 ambayo ni baiti milioni 2.5 kwa sekunde, na ukubwa wa ndoo ndo hiyo CBS. Fremu ya baiti 1,500 ikikuta tokeni 1,500 ndani inapita na tokeni zinatolewa, ikikuta pungufu inatupwa pale pale, haisubirishwi hata mikrosekunde moja. Ndoo ikishajaa, tokeni zinazoendelea kuingia zinamwagika, huwezi kujiwekea akiba kwa sababu ulikaa kimya saa nzima.

Kusheipu ni kitu kingine kabisa. Anaesheipu ana foleni, ziada anaiweka kwenye bafa na kuitoa pole pole, unalipa kwa ucheleweshaji lakini fremu haifi. Mtoa huduma hutumia polisi kwa sababu ni rahisi kwa swichi na haili kumbukumbu. Simlaumu kwa hilo.

Sasa utaona ndoo ndogo inamuumiza nani. Mashine ya kupimia inatoa fremu kwa mpangilio, moja, nafasi, moja, nafasi, kwa megabiti 20 ni fremu kubwa moja kila mikrosekunde 600 hivi. Ndoo hata ikiwa ya fremu mbili itatosha. Seva haifanyi hivo. Seva ina kadi ya gigabiti moja, ikiwa na cha kutuma inatuma kwa mkupuo kwa kasi kamili ya kadi, kisha inanyamaza. Wastani wake kwa sekunde unaweza kuwa megabiti 10 tu, lakini ndani ya mkupuo wenyewe, tuseme nusu milisekunde, polisi anaona gigabiti moja inamjia usoni.

Kijana kauliza, sasa kwa nini grafu zetu hazioneshi? Kwa sababu grafu zinachukua wastani wa dakika tano, jambo la nusu milisekunde utalionea wapi humo.

Jumatano

Benchi limesimama. Kompyuta ndogo mbili zenye kadi za gigabiti, na katikati ya tatu yenye poti mbili, Linux, imefanywa daraja, hiyo ndo "mtoa huduma" wetu wa mezani. Polisi wake mstari mmoja wa tc, amri ya Linux ya kudhibiti trafiki:

tc filter add dev eth1 parent ffff: matchall action police rate 20mbit burst 10k conform-exceed drop

Halafu netem, kitu cha Linux cha kuchelewesha pakiti, ya milisekunde 2 kila upande ili mwendo wa kwenda na kurudi uwe milisekunde 4, kama tunavoona kwenye laini yenyewe.

Kwa atakaejaribu nyumbani: zima GRO kwenye poti za daraja kabla hujaanza, ethtool -K eth1 gro off, na ile ya pili vilevile. Ukiiacha, kiini cha Linux kinaziunganisha fremu zinazofuatana kuwa pakiti moja kubwa inayofika hadi kilobaiti 64, polisi mwenye ndoo ya kilobaiti 10 anaiona pakiti kubwa kuliko ndoo yake na kuitupa nzima, utapata matokeo ya ajabu ambayo hayapo kwenye swichi yoyote ya kweli.

Umeme umekatika mchana, kama kawaida yake. Umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari na mtu akikohoa upande ule sie tunaona giza. UPS imebeba benchi ila swichi haikuwemo kwenye UPS, basi tukaenda kula.

Alhamisi

Siku yenye matokeo. Kwanza trafiki laini kama ya mashine ya kupimia: iperf3, programu ya kupimia kasi, kwa UDP (utumaji usiorudia kilichopotea), -b 19M -l 1470, yaani megabiti 19 kwa pakiti zenye data ya baiti 1,470. Hakuna fremu iliyopotea, jita ndogo, kama ningekuwa natengeneza ripoti ningeweka tiki ya kijani na mie.

Pili, kasi ile ile kwa wastani, lakini kwa mikupuo. Wengi hawajui kama iperf3 ina hii, unaandika -b 19M/40, maana yake tuma pakiti 40 mfululizo bila kupumua, kisha ngoja mpaka wastani urudi 19. Kati ya kila 40 zilipita 7, zilizobaki 33 zote zimekatwa! Na ukikaa ukapiga hesabu inakubali: ndoo ya 10k ni baiti 10,240, fremu yenyewe kwa Linux ni baiti 1,512, zinaingia sita, na wakati mkupuo unaendelea ndoo inachuruziwa tokeni za kutosha moja nyengine, basi. Nikapandisha ndoo hadi 64k bila kugusa kitu chengine, zote 40 zikapita. Kasi ile ile, laini ile ile, mkataba ule ule wa megabiti 20.

Tatu ni TCP, utumaji unaosubiri majibu na kurudia kilichopotea, ambayo ndo inayobeba bekapu yetu. Kwa ndoo ya 10k inacheza megabiti 8 na 9. Kwa ndoo ya 128k inapanda 18 na ushei, na zaidi ya 19 na chembe haiwezi kwenda hata ungefanya nini, sababu vichwa vya TCP, IP na etheneti vinakula sehemu yao.

Hapa nataka kukaa kidogo. Nilitegemea TCP ipungue, ila kushuka hadi chini ya nusu kulinishughulisha mpaka nilipofungua tcpdump, programu ya kunasa pakiti na kuzionesha moja moja. Laini ya megabiti 20 yenye milisekunde 4 kwenda na kurudi, data inayoweza kuwa njiani kwa wakati mmoja ni biti 80,000, sawa na baiti 10,000, yaani segimenti (vipande vya data vya TCP) saba tu. Na TCP ya sasa inaanza kwa kutuma segimenti 10 kwa pamoja, hiyo ni RFC 6928 ya 2013, ambazo ni baiti elfu 15 kwa mkupuo mmoja, ndoo inashindwa kabla mazungumzo hayajaanza. Sasa dirisha, yaani data inayoruhusiwa kuwa njiani, likiwa dogo namna hiyo, zikipotea fremu tatu nne za mwisho wa mkupuo, mpokeaji hana cha kumjulisha mtumaji kwamba kuna pengo, hakuna kilichokuja baada yake. Mtumaji anakaa anasubiri saa yake iishe, na kwenye Linux saa hiyo kwa kawaida haishuki chini ya milisekunde 200. Milisekunde 200 kwenye laini ya milisekunde 4! Kila ikitokea, nusu megabaiti ingepita na haikupita. Kwenye tcpdump yanaonekana waziwazi, fremu, fremu, fremu, kisha ukimya wa 0.2, kisha moja peke yake inaanza upya.

Ijumaa

Hakuna kazi kubwa, asubuhi tu kabla ya sala. Nimepanga vya kubeba kwenda Wete.

Jumamosi

Wete, ofisi imefungwa, laini yote yetu. Kipimo cha leo kilikuwa kimoja, kujua ndoo ya mtoa huduma ina ukubwa gani bila kumuuliza. Njia: wastani mdogo, -b 10M, ili kati ya mkupuo na mkupuo ndoo ipate kujaa, kisha unaongeza idadi ya pakiti za mkupuo moja moja. /5 safi. /6, /7, /8 safi. /9 inapotea moja kila kundi, tena moja kwa moja bila kukosea. /12 zinapotea nne. Fremu yetu pamoja na FCS (baiti nne za mwisho za kukagua makosa) ni baiti 1,516, nane zake ni 12,128, kwa hiyo ndoo yao ni kama baiti 12,000. Mlinzi kaja kuuliza kama tunarekebisha intaneti, nikamwambia tunaihesabu, kacheka akaleta kahawa.

Jengine la kuandika ni habari ya kuhesabu. Ukiweka iperf3 -b 20M kwenye laini ya 20 utaona zinapotea kama asilimia 3 na utampigia mtu simu kwa hasira. Usimpigie. iperf3 inahesabu data ya ndani tu, 1,470. Polisi anaefuata taratibu za MEF, jumuiya inayoweka viwango vya huduma za etheneti, anahesabu fremu nzima kuanzia anuani ya MAC mpaka FCS, 1,516, kwa hiyo 20 yako kwake ni 20.6. Na ukipima kwa vipakiti vidogo, tuseme -l 160 kama za simu, kila 160 inakuwa 206, megabiti 20 zinageuka karibu 25.8 na zinakatwa zaidi ya moja katika kila tano, na haki yake. Mkataba usiosema megabiti zinahesabiwa kwenye leya gani, yaani data ya ndani tu au fremu nzima, utaleta ugomvi tu.

Na hii milisekunde 4. Chake na Wete ni kama kilomita 30 kwa barabara, mwanga ndani ya faiba unachukua mikrosekunde 5 kwa kilomita, kwenda na kurudi ingetakiwa iwe 0.3. Hata usiku wa manane laini ikiwa tupu haishuki 4. Trafiki yetu inavuka bahari kisha inarudi ndo ifike Wete.

Jumatatu

Nimempata injinia wao kwenye simu, mtu mstaarabu.

"Sheikh, laini yako nzima, mie mwenyewe nimeipima."

"Sikatai ndugu yangu, ripoti nimeisoma na nimeielewa. Nauliza CBS mmeweka ngapi?"

"CBS?" Kimya, nasikia kibodi. "Elfu kumi na mbili."

"Elfu kumi na mbili baiti?"

"Baiti, ndio. Ndo templeti yetu hiyo, wateja wote. Hajawahi mtu kuuliza."

Nikamuuliza na njia, akasema ndio, laini zote za Pemba zinapanda mpaka Unguja mjini kwanza. Sawa, hilo tumelipokea, kwa bekapu milisekunde 4 haimuumizi mtu ndoo ikiwa ya maana. Nikamtumia jedwali la mikupuo, kuanzia 5 hadi 40, na tcpdump ya ule ukimya wa 0.2. Hakubisha. Kasema anapeleka kwa wakubwa maana templeti haibadilishwi na mtu mmoja.

Saizi gani tuombe? Mwongozo wa Cisco kwa polisi unasema kasi kwa baiti zidisha kwa sekunde 1.5, kwetu ingekuwa baiti milioni 3.75, na mtoa huduma gani atakupa hiyo kwenye swichi yenye wateja wengine. MEF nao kiwango chao cha chini ni kwamba ndoo isiwe ndogo kuliko fremu kubwa kabisa, ambayo ni kama kuambiwa chakula kisipungue kijiko kimoja. Nimeomba 128,000, kwa sababu benchi limeonesha hapo TCP inafika na juu ya hapo faida ni ndogo.

Jumatano

Wakati wakubwa wanafikiri, tumefanya la kwetu ambalo halihitaji ruhusa ya mtu, kusheipu upande wetu kabla fremu haijamfikia polisi. Ruta zetu za Linux zimewekewa tbf, foleni ya Linux ya kusheipu:

tc qdisc add dev eth0 root tbf rate 19mbit burst 5k latency 50ms

19 na si 20, kwa sababu Linux haihesabu FCS na wao wanahesabu. burst 5k ili kinachotoka kwetu kisizidi fremu tatu kwa mpigo, polisi wa baiti 12,000 hana la kusema. TCP imekaa megabiti 18 bila kutikisika, na bekapu ya usiku imemaliza kwa saa moja na nusu hivi. Meneja kauliza tumenunua kifaa gani. Mstari mmoja, ofisi mbili, bure.

Utasema basi kelele za CBS za nini? Kwa sababu si kila ofisi ina ruta yake ya kuweza kusheipu, wengi wanachomeka swichi ya kawaida na kulipa bili. Na vilevile mteja anaeambiwa megabiti 20 hatakiwi awe mtaalamu wa tc ndo azipate.

Jumatatu ya baadae

Wamekubali 64,000, si 128,000. Nimepima tena kwa mikupuo nikiwa nimetoa tbf: 40 zinapita zote, zinaanza kupotea baada ya 43, kwa hiyo wameweka kweli. TCP bila kusheipu megabiti 16, pamoja na kusheipu 18. Tbf inarudi na inabaki.

La maana zaidi kwangu ni kiambatisho cha mkataba, kimeandikwa upya na kimesainiwa: CIR megabiti 20 kwa fremu nzima pamoja na FCS, CBS baiti 64,000, EIR sifuri, na ripoti ya makabidhiano lazima iwe na kipimo cha mkupuo juu ya ile Y.1564 ya kawaida. Injinia kasema wataweka na kwa wateja wengine wa Pemba wakiomba. Basi ombeni.

Zamu ya simu. Tbf ina foleni moja, simu na bekapu zinapanga mstari mmoja, na milisekunde 50 ndani ya foleni kwa bekapu si kitu ila kwa sauti zinasikika. Tunahamia HTB, foleni ya Linux inayogawa trafiki kwa madaraja, yetu mawili, sauti mbele ikiwa na PCP 5, alama ya kipaumbele iliyomo kwenye teg ya VLAN ya fremu. Simu moja ya G.711, aina ya kawaida ya kubeba sauti, ni fremu 50 kwa sekunde, kila fremu baiti 222 pamoja na teg, kilobiti 88.8, simu kumi hazifiki megabiti moja kwa hiyo nafasi ipo tele. Kwanza nataka kujua kama swichi yao inaheshimu PCP au inaifuta, na hilo litapimwa kwa tcpdump Wete mara simu za majaribio zikifika, zinakuja na boti ya Alhamisi.